Bidoni Kwenye Mvua

Mwezi wa kwanza, Lubumbashi, mvua hainyeshi bali inamwagwa. Barabara za Katuba hugeuka mito myekundu, mifereji hutapika takataka za wiki nzima, na watoto wa shule huvushwa mgongoni wasiloweshe viatu. Katikati ya maji hayo yote utamwona mama amejitwika bidoni la manjano, la lita 20, anatafuta bomba lenye kutoa maji. Anakanyaga maji akienda kununua maji. Hakuna anayemcheka, maana kila mtu anajua kwamba yale yanayopita miguuni hayanyweki.

Nimetafuta kwa muda mrefu mfano wa kueleza maisha ya mwanafunzi wa chuo kikuu na intaneti katika mji huu, na sijapata unaoupita huo. Vitabu vinavyolalamikia wingi wa habari vimeandikwa zaidi na watu ambao bomba lao halikauki. Herbert Simon, mtaalamu wa uchumi wa Marekani, alieleza mwaka 1971 kwamba habari nazo hula, na chakula chao ni usikivu wa anayezipokea. Zikijaa, usikivu ndio unaoadimika. Alisema kweli, ila alikuwa akiongea na watu wasiohesabu mega za data. Mwanafunzi wetu analemewa na habari huku jicho moja likiwa kwenye salio. Anazama na kiu juu. Na mimi nadai kwamba hizo si balaa mbili zilizokutana njiani kwa bahati. Ule wingi unaomlemea umezaliwa na uhaba.

Mchukue kijana wa mwaka wa pili wa historia. Sitampa jina, kwa sababu nimemshona kutokana na vipande vya vijana wanne au watano ninaowafahamu, na kila mmoja wao angesema sehemu mbaya si yake. Anaishi Katuba kwa shangazi yake. Kila siku anapanda taksibusi hadi mjini, anashuka, anapanda nyingine ya kwenda Kasapa, kwenye makao makuu ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi, ambacho watu wote hukiita UNILU na wanafunzi wake hujiita Kasapards. Simu yake aliinunua ikiwa imeshatumiwa na mtu mwingine. Kioo kina ufa unaopita katikati ya uso wa kila anayempigia kwa video.

Saa kumi na mbili asubuhi anawasha data, na simu inatetemeka kama kuku aliyeshikwa miguu. Usiku kucha kundi la WhatsApp la promosheni yake, yaani darasa la mwaka wake, halikulala. CP, yaani kiongozi wa darasa, alituma ratiba mpya, akaifuta, akatuma nyingine. Mtu akauliza, «Leo kuko cours?» Sita wakajibu iko, watano wakajibu haiko, mmoja akatuma kibonzo cha mbuzi anayecheka. Ikafuata PDF iitwayo COURS FINAL, kisha COURS FINAL 2, kisha COURS FINAL VRAI. Kuna tangazo la msiba na namba ya kutuma mchango wa jeneza. Kuna sauti ya mhubiri, dakika saba. Kuna bao la TP Mazembe lililorekodiwa kutoka kwenye televisheni ya baa, makelele matupu. Kuna nafasi ya kusoma Kanada bure, mradi utume ujumbe huo kwa watu kumi. Na mahali fulani katikati, kati ya mbuzi na Kanada, msaidizi wa profesa ameandika mstari mmoja: interro, jaribio la darasani, ni kesho, sura ya tatu na ya nne.

Yote hayo yamevaa sare moja. Herufi zilezile, ukubwa uleule, kiputo kilekile cha kijani na cheupe. Zamani tangazo la chuo lilibandikwa kwenye valve, ule ubao wa matangazo ulioko nje ya ofisi za kitivo. Ulikwenda kwa miguu yako, ukasoma, ukarudi. Hakuna aliyebandika jeneza hapo, wala mbuzi. Mahali penyewe palikuambia uzito wa neno. Leo kijana akijitoa kwenye kundi, atakosa interro. Akibaki, atabeba msiba wa kila mtu. Basi anabaki, anateremsha kidole kwa dakika arobaini ndani ya taksibusi, na anaposhuka Kasapa ameshachoka kabla ya somo la kwanza.

Niliwahi kumwomba mmoja wao anifungulie ghala la simu yake. Lilikuwa na mamia ya PDF. Katiba ya nchi ilikuwepo mara tatu. Kulikuwa na vitabu vya sosholojia, riwaya, sheria ya madini, na kozi nzima ya uuguzi.

«Wewe si wa uuguzi,» nikamwambia.

«Papa, siku ingine itasaidia.»

Nilicheka, halafu nikaacha kucheka. Kijana huyu hununua kifurushi cha usiku kwa sababu ni nafuu, anaamka saa sita usiku wakati nyumba nzima imelala, na anapakua chochote kinachopakulika hadi kifurushi kiishe au umeme wa shirika la SNEL ukatike, lolote litakalotangulia. Kusoma atasoma baadaye. Anafanya kile ambacho shangazi yake hufanya bomba linapotoa maji: kujaza kila chombo kilichomo ndani, masufuria, ndoo, hata beseni la kufulia. Huwezi kumwambia mtu wa namna hiyo achague. Kuchagua ni kwa mwenye hakika kwamba kesho bomba litatoa tena.

Na hakika hiyo nchi yetu imemnyima mara nyingi. Baada ya uchaguzi wa Novemba 2011, ujumbe mfupi wa simu ulifungwa nchi nzima kwa wiki kadhaa. Januari 2015, watu walipoandamana kupinga marekebisho ya sheria ya uchaguzi, intaneti ilikatwa, na iliporudi mitandao ya kijamii ilichelewa nyuma. Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya kupiga kura, ikakatwa tena na kurudi karibu siku 20 baadaye. Aliyekuwa akiandika kazi yake ya kumaliza masomo wakati huo alijifunza somo ambalo halimo kwenye mtaala: kilicho ndani ya simu yako ni chako, kilicho mtandaoni ni cha serikali. Tangu hapo anajaza.

Tatizo la kujaza ni kwamba beseni la kufulia na sufuria ya mboga vikijaa pamoja, baada ya siku mbili hujui kipi kina maji ya kunywa.

Wazee wa chuo hupenda kusema kwamba enzi zao mambo yalikuwa wazi. Wana sababu. Chuo hiki kilifungua milango mwaka 1956, mji ungali unaitwa Élisabethville. Mwaka 1971 kikaunganishwa na vingine kuwa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire, na fasihi na falsafa zikaletwa Lubumbashi. Ndiyo miaka ambayo mwanafalsafa V. Y. Mudimbe alifundisha hapa, na Johannes Fabian, mwanaanthropolojia kutoka Ujerumani, alirekodi Kiswahili cha mitaa yetu. Mwaka 1981 kikawa chuo peke yake tena. Katika safari yote hiyo kitu kimoja hakikubadilika: syllabus. Kwa wasomaji wa Dar es Salaam au Nairobi nieleze kwamba kwetu neno hilo halina maana ya orodha ya mada. Ni kijitabu cha kozi nzima, kilichoandikwa na mwalimu, kikachapishwa na kuuzwa kwa wanafunzi. Unakinunua, unakikariri, unafaulu.

Mimi mwenyewe nilisoma hivyo, katika chuo ambacho sitakitaja. Tulikuwa na kozi moja ambayo ukurasa wake wa 31 ulikuwa na tarehe yenye kosa la wazi. Mwenzetu mmoja aliyepata kitabu kutoka kwa padri aliligundua. Siku ya mtihani tukajiuliza tuandike ipi. Tukaandika ile yenye kosa, sote isipokuwa yule wa padri, na yeye ndiye aliyerudia mtihani mwezi wa tisa. Kwa hiyo sina machozi ya kuilia syllabus. Ilikuwa kisima kimoja chenye maji ya chumvi. Lakini ulijua kisima kiko wapi, na ulimjua aliyekichimba.

Kijana wa leo ametolewa kwenye kisima hicho akasukumwa baharini, na katikati hakufundishwa chochote. Shule ya msingi na ya sekondari zilimfundisha kunakili ubao. Akifika mwaka wa kwanza anaambiwa, «Nendeni mkafanye utafiti kwenye intaneti.» Sentensi hiyo nimeisikia mara nyingi, na mara nyingi ndiyo inayomaliza somo.

Woga wa wingi si mpya, nikumbushe. Conrad Gessner, msomi wa Zurich, alitoa mwaka 1545 orodha kubwa iliyojaribu kutaja vitabu vyote vilivyoandikwa kwa Kilatini, Kigiriki na Kiebrania, kwa kuwa tayari msomaji alikuwa anapotea. Ila Gessner alikuwa na orodha. Sisi tuna kisanduku cha kuandikia, na kisanduku kinangoja uwe unajua jina la unachokitafuta.

Hapo ndipo Lubumbashi inapomtesa mtu wake kwa namna ya pekee. Kijana wetu alipewa TP, kazi ya vitendo, kuhusu mgomo wa wafanyakazi wa migodi wa Desemba 1941, ule ulioishia kwa askari kuwafyatulia risasi wafanyakazi hapahapa mjini. Akaandika kwenye simu: grève Lubumbashi 1941. Ikamjia migomo ya walimu ya juzi, bei ya kobalti, michezo ya Mazembe, na ukurasa wa hoteli. Alipakua vitu kumi na vinne. Havikumfaa hata kimoja, na kifurushi kikaisha.

Kosa lake lilikuwa dogo na halikuwa lake. Mwaka 1941 hapakuwa na mji uitwao Lubumbashi. Jina hilo lilichukua nafasi ya Élisabethville mwaka 1966. Hapakuwa na Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali. Kulikuwa na Union Minière du Haut-Katanga, iliyoanzishwa mwaka 1906 na kunyang'anywa mali zake mwaka 1967. Jimbo limekuwa Katanga, likawa Shaba enzi ya Rais Mobutu, likarudi Katanga mwaka 1997, na tangu 2015 limekatwa vipande, chetu kikiwa Haut-Katanga. Nchi yenyewe imebadilisha jina na kulirudia. Mtu wa hapa akitaka kusoma habari za babu yake lazima ajue babu aliishi chini ya jina gani mwaka gani. Mashine haijui. Inampa vya leo, kwa wingi, kwa sababu ndivyo alivyoomba bila kujua.

Msaidizi mmoja wa kitivo alimwambia maneno mawili tu: «Andika Élisabethville.» Mlango ukafunguka. Dakika moja ya mtu anayejua iliokoa mega za wiki.

Kuna mfano mwingine ambao hunikera zaidi. Mwaka 1965 mtu aitwaye André Yav, akishirikiana na wenzake waliowahi kuwa watumishi wa nyumbani wa Wazungu, alikamilisha historia ya mji huu kwa Kiswahili cha mji huu. Ilipigwa taipu na kurudufiwa, ikapita mikononi kimyakimya. Fabian aliichapisha mwaka 1990 pamoja na tafsiri na maelezo, na baadaye maandishi yake yakawekwa bure kwenye tovuti ya wasomi wa Amsterdam. Maana yake ni kwamba historia ya Lubumbashi iliyoandikwa na watu wa chini wa Lubumbashi, kwa lugha ya shangazi wa kijana wetu, iko umbali wa kugusa mara chache, na uzito wake ni mdogo kuliko ile video ya bao. Nimewauliza wanafunzi wengi. Wachache sana wameisikia. Jina lake, linaloanza na neno Vocabulaire, linapotosha. Anayeliona hudhani ni kamusi na kupita. Ghala la simu limejaa uuguzi, na Yav hayumo.

Sasa nije kwenye TP ngumu kuliko zote, ambayo kijana aliichagua mwenyewe: Mei 1990. Tarehe 24 Aprili mwaka huo Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja. Vyuo vikachemka. Usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei, wanafunzi walishambuliwa ndani ya chuo hikihiki. Serikali ilikiri kifo cha mtu mmoja. Wengine walisema makumi, wengine mamia. Ubelgiji ilidai uchunguzi wa kimataifa, Kinshasa ikakataa, na ushirikiano wa nchi hizo mbili ukavunjika.

Mwaka 1990 mtu wa Katuba aliyetaka kujua idadi alikuwa na redio ya ng'ambo na minong'ono. Kijana wetu alikuwa na kurasa karibu thelathini, na kila moja ina hesabu yake, kila moja imeandikwa kwa uhakika wa mtu aliyezihesabu maiti kwa mkono. Alikaa nazo wiki nzima. Kisha akafanya kile ambacho wengi hufanya: alichagua namba ya katikati.

«Kwa nini hii?» nikamuuliza.

«Prof, bintu ni mingi. Hii haiko kubwa sana, haiko ndogo sana.»

Nimefikiria jibu hilo mara nyingi kuliko majibu ya watu wenye shahada. Alikuwa mkweli. Akili iliyolemewa hutafuta pa kupumzikia, na katikati pana kivuli. Lakini idadi ya waliouawa haipatikani kama bei ya nyanya sokoni, kwa huyu kupanda kidogo na yule kushuka kidogo.

Mwaka 2017 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Stanford, Sam Wineburg na Sarah McGrew, walitoa utafiti uliowaweka watu 45 mbele ya kompyuta: wanahistoria 10 wenye shahada za uzamivu, wahakiki wa habari 10, na wanafunzi 25 wa chuo hicho. Waliwapa tovuti wazipime. Wanafunzi na wanahistoria walisoma ukurasa kutoka juu hadi chini, wakavutiwa na nembo nzuri na lugha ya kisomi, na mara nyingi wakadanganyika. Wahakiki hawakukaa. Walitoka haraka kwenye ukurasa, wakafungua mingine kando yake, wakauliza: huyu ni nani, wengine wanasemaje juu yake? Waliusoma ukurasa kidogo tu, na wakaujua zaidi. Wanahistoria wenzangu hatukufurahia utafiti huo.

Ushauri unaotokana nao ni mzuri, nao umetembea dunia nzima. Ukifika Lubumbashi unakutana na mlango uliofungwa. Wanafunzi wengi hununua kifurushi cha mitandao ya kijamii, kwa kuwa ndicho cha bei wanayoiweza. Kwa kifurushi hicho WhatsApp inafunguka, na pengine Facebook. Ukigusa kiungo kinachokupeleka nje, gurudumu linazunguka, halafu kimya. Dai linakufikia karibu bure, uthibitisho unalipiwa. Tunawalaumu vijana kwa kusambaza bila kuhakiki, na tumewauzia simu inayoruhusu kusambaza peke yake. Machi 2020, jimbo letu lilipofungiwa ndani kwa saa 48 kwa hofu ya Korona, nilipokea sauti ya mtu aliyejiita daktari akisifu kitunguu saumu na maji moto. Nilikuwa na kifurushi cha aina hiyo. Nilituma kwa makundi matano, nikiwa na shahada zangu zote kichwani.

Basi na kijana tulifanya uhakiki wa maskini, unaohitaji daftari na kalamu. Tulichora safu tatu: nani anasema, alisema lini, alijuaje. Kisha tukazipitisha zile kurasa moja moja, kutoka kwenye simu, data ikiwa imezimwa. Mambo yakaanza kuporomoka. Kurasa nyingi zilikuwa ukurasa uleule, umenakiliwa na kubadilishwa kichwa. Hata kosa la tahajia kwenye jina la mtaa lilisafiri nao salama. Nyingine zilitaja namba bila kumtaja msemaji. Nyingine zilikuwa za watu wa siasa wakitupiana vifo miaka 20 baada ya tukio. Jioni ilipofika, thelathini zilikuwa zimebaki nne, na nne hizo hazikupatana. Lakini sasa zilikuwa na wenyewe: serikali iliyokuwa na sababu ya kupunguza, wapinzani waliokuwa na sababu ya kuongeza, na watu waliozungumza na waliotoroka. Kijana akaandika TP isiyo na idadi moja. Aliandika kwa nini idadi hazipatani.

Shangazi yake alikuwa akituangalia huku akichunga unga wa bukari, ugali wetu. Kiswahili chetu hapo kimetupendelea. Kuchunga ni kulinda mbuzi wasipotee, na kuchunga ni kupitisha unga kwenye chekeche. Mwanafunzi hakufundishwa hata kimoja kati ya hivyo viwili.

Wanafunzi wa uhandisi wa madini wangeliweka jambo hilo kwa lugha yao. Wao huuliza kwanza teneur: katika tani hii ya mawe, shaba ni kiasi gani? Hakuna anayesifiwa kwa kumiliki mlima. Nao wana mfano mkubwa mbele ya macho. Ule mlima mweusi wa takataka za kiwanda ulioko mjini ulirundikwa kwa miongo mingi, tangu shaba ya kwanza ilipoyeyushwa hapa mwaka 1911. Ulikuwa uchafu. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 ukaanza kuchambuliwa upya kwa ajili ya kobalti iliyokuwa imelala ndani yake. Mlima haukubadilika. Tanuru ndilo lililobadilika, na waliojua la kutafuta.

Tangu mwisho wa 2022 kuna njia ya mkato. ChatGPT na wenzake, mmoja wao akiwa ndani ya WhatsApp yenyewe, hujibu kwa sauti moja tulivu, kwa Kifaransa safi, bila mbuzi wala jeneza. Wenzangu wanadhani vijana wanaipendea uvivu. Nadhani wanaipendea kitu kingine: ni syllabus iliyofufuka. Kijana aliyechoka na kurasa thelathini anapata tena kijitabu kimoja, mwalimu mmoja, jibu moja la kukariri. Na kama syllabus ile ya ujana wangu, ina ukurasa wake wa 31. Nimesahihisha kazi iliyotaja kitabu cha mwanahistoria wa hapa ninayemfahamu, chenye kichwa kizuri na mwaka wa kuchapishwa. Nilimpigia mwenyewe kumpongeza. Alinyamaza, kisha akauliza kama ningeweza kumpatia nakala, maana hakukumbuka kukiandika.

Tofauti ni kwamba ukurasa wa 31 wa mashine haukai mahali pake. Ukiuliza tena, kosa limehama.

Kijana wa Katuba aliijaribu kwa Mei 1990. Ilimpa idadi moja, iliyonyooka, bila kusitasita. Aliitazama, akachukua daftari, akaiandika chini ya safu ya kwanza. Kwenye safu ya pili akaandika tarehe ya siku ile. Safu ya tatu, alijuaje, akaiuliza mashine yenyewe. Ikamwomba radhi, ikampa idadi nyingine.

Tulikuwa bado tunacheka umeme ulipokatika. Nje mvua ilikuwa imeanza tena, ile ya kumwagwa. Kundi la promosheni liliendelea kuangaza kioo chenye ufa: CP ametuma kitu, amekifuta, ametuma kingine. Shangazi akaita kutoka jikoni kwamba kwa jirani bomba limeanza kutoa na bidoni liko tupu. Kijana akazima simu, si kwa hasira. Ilikuwa imebaki na asilimia nne na alitaka iwe na nguvu ya kumwamsha asubuhi, kwa sababu kulikuwa na interro, sura ya tatu na ya nne. Akakunja suruali hadi magotini, akachukua bidoni, akaingia kwenye maji.